Sura Aliyoiachia Kasuku Njiani

Mlango ule bado uko wazi, msomaji, na mtu yule bado amesimama kizingitini.

Kwa aliyechelewa: mwenye nyumba ni Mama Mkunga, mwanamke ambaye nusu ya mtaa ilianza maisha kwa kulia mikononi mwake. Mwanawe wa pekee, waliyemwita Kasuku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi, alikufa katika ajali ya gari msimu wa mvua uliopita. Aliyeshika usukani alikuwa mume wa Kasuku, Fundi Miwani. Mke akaenda kaburini, mume akatoka na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Siku ya mazishi Mama Mkunga akaapa mbele ya waombolezaji kwamba macho yake na ya mkwe huyo hayatakutana tena duniani.

Tulipoachia wiki iliyopita, ilikuwa alasiri, mlango ukagongwa. Mama akafungua. Yakakutana.

"Shikamoo, Mama."

Mama Mkunga hakuitikia. Salamu ikabaki hewani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Sikuja kuomba kuingia," alisema Fundi Miwani. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati ilimzunguka shingoni kama ya mtu mwingine. "Nimekuletea kitu chako. Nikishakupa, naondoka."

Akatoa kitabu ndani ya koti.

Mama alikuwa ameshaanza kuusukuma mlango. Alipoona jalada, mkono ukagoma. Mwanamke wa makamo, tochi mkononi, korido ndefu yenye milango ya chuma. *Lindo la Wafu*, kitabu cha kumi na saba.

Hapo inabidi nikueleze jambo, kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini mwanamke aliyezika bila kutoa chozi aliegemea ukuta.

Kasuku alikuwa bado anavaa sare ya shule ya msingi pale kitabu cha kwanza kilipoingia nyumba hii, cha kuazima, hakina jalada. Mama alikuwa anapiga pasi. Mtoto akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kumsomea kwa sauti habari za Bi Zamu, mlinzi wa chumba cha maiti ambaye huwasikia marehemu wakinong'ona nani aliyewaua, na habari za Mnyonya Pumzi, lile jinamizi linalokamatwa katika kila kitabu na kuponyoka ukurasa wa mwisho. Mnyonya Pumzi alipochungulia kwenye tundu la hewa kwa mara ya kwanza, Mama Mkunga aliunguza kola ya sare. Kasuku akaenda shule na alama ya pasi shingoni, anacheka.

Tangu hapo hawakukosa hata kimoja. Kasuku akakua, akaajiriwa, akaolewa, lakini kitabu kipya kikitoka, Jumamosi anakuja kwa mama yake. Sheria ilikuwa moja: hakuna kumtangulia mwenzako. "Atakayesoma peke yake, Mnyonya Pumzi na ampitie," walikuwa wakiapizana, kisha wanacheka mpaka majirani wanauliza kulikoni.

Mama Mkunga akanyoosha mkono, akakipokea kitabu. Na hapo ndipo alipoona.

Katikati ya kurasa kulikuwa na kitambaa cha bluu, vile vya kufutia miwani. Kilikuwa kimewekwa kuwa alama.

"Nani kaweka hiki?"

"Yeye."

"Kwa hiyo alisoma."

"Alisoma, Mama."

"Bila mimi."

Kutoka jikoni ikasikika sauti ya Mama Mdogo, mdogo wake Mama Mkunga, aliyehamia hapa tangu msiba ili dada yake asile peke yake. "Dada! Huyo mlevi anataka nini? Funga mlango! Kamuua mtoto wetu, sasa analeta vitabu?"

"Nyamaza kidogo," alisema Mama Mkunga, bila kugeuka.

Akavaa miwani yake ili aone ukurasa wenye alama. Masikini miwani ile! Jicho moja lilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini, mkono mmoja umefungwa kwa uzi mweusi wa kushonea. Tangu msiba alikuwa ameikalia mara mbili, wala hakujali, kwa kuwa hakuwa na cha kukitazama.

Akasogeza kitabu. Akakirudisha. Herufi zikawa siafu.

Mkono wa Fundi Miwani ulifanya kazi kabla kichwa hakijauruhusu. Ulikwenda mfuko wa shati, ukatoka na bisibisi ndogo kama sindano. "Niazime kidogo, Mama."

Na Mama, kwa mazoea yale yale, akavua akampa. Miaka yote ya ndoa ile, mkwe ndiye aliyemtengenezea miwani. Hata binti mwenyewe alimpata kwa njia hiyo hiyo: Kasuku alikuwa analala na kitabu usoni, anaamka na miwani imepinda, anapeleka dukani kwa fundi, mpaka fundi akamwambia, "Dada, ni heri nikuoe, utapata huduma bure."

Fundi akaigeuza miwani kwenye mwanga. Akatikisa kichwa. "Mkono naweza kuubana. Kioo hiki hakifai tena, Mama. Hutasoma nacho."

Mama Mdogo akatokea jikoni amejitanda kitenge. "Mimi nakwenda dukani," akasema, akampita mkwe bila kumtazama. Mama Mkunga hakuona kwamba mdogo wake ametoka bila mkoba. Sisi tumeona, msomaji. Tuyaweke hayo.

"Ingia," alisema Mama Mkunga. "Utanisomea ukurasa huo mmoja. Kisha uende zako."

Sebule ilikuwa ile ile. Meza ya pasi katikati, kiti cha mgeni chini ya dirisha. Kwenye msumari mfuko wa kazi wa Mama Mkunga ulining'inia, ule wenye mkasi na glavu na kitambaa cheupe, umejaa vumbi. Tangu azike hakuwa amezalisha mtu. Wanawake walipokuja kugonga, aliwaambia waende zahanati.

Fundi Miwani akakaa. Akashika kitabu, lakini hakukifungua.

"Kwanza niambie," Mama alisema, amesimama. "Kwa nini alinitangulia? Katika vitabu vyote vile, kwa nini hiki?"

"Alikuwa anakikagua."

"Kukikagua?"

"Mwenzake kazini alikuwa ameshakimaliza. Akamdokeza kwamba humu kuna mtoto wa Bi Zamu, na kuna... kuna msiba wa mimba. Kasuku akasema hawezi kukufungulia kitabu kama hicho bila kujua kinakwenda wapi. Si Jumamosi ile. Alisema, 'Siku ile naenda kumpa mama habari njema, siwezi...'"

"Habari gani?"

"Mama, kuna jambo ambalo hujaambiwa. Nilimwomba daktari asikwambie. Niliona umebebeshwa ya kutosha. Nimekuja pia kwa sababu hiyo, maana siwezi tena kulala nalo."

Mama Mkunga akavuta kigoda, akaketi polepole.

"Mwanangu alikuwa na mimba," akasema. "Ya miezi mitatu, inaelekea wa nne."

Bisibisi ikaanguka sakafuni.

"Alikwambia?"

"Aniambie nini? Mimi mkunga, baba. Mara ya mwisho alipokuja alikaa kiti hicho hicho. Alipoinuka alishika kiuno namna ile wanavyoshika. Nikampa maji, akayanusa kabla ya kunywa. Tangu lini maji yana harufu? Nikajua. Nikanyamaza. Habari ilikuwa yake, si yangu kuichuma kabla haijaiva. Nilikuwa naingoja Jumamosi."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye saruji.

"Nilizika wawili," Mama Mkunga akasema. "Watu wakanipa pole ya mmoja."

"Na mimi, Mama."

"Wewe nani aliyekupa pole?"

Fundi Miwani akafikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa alikoweka funguo. "Hakuna," akajibu.

Hapo, msomaji, ungedhani mambo yamelainika. Bado. Mama Mkunga akamkazia macho yale yasiyo na miwani, na swali alilolifuga moyoni tangu siku ya ajali likatoka.

"Uliangalia wapi?"

"Mama..."

"Nimekuuliza. Barabara unaijua. Gari ulikuwa unaendesha taratibu, hata polisi walisema. Lori limeegeshwa, halina taa, sawa. Lakini lori si sindano. Uliangalia wapi?"

"Nilikuwa namwangalia yeye."

Akakigeuza kitabu mikononi, akaendelea.

"Alikuwa amevua viatu, miguu ameiweka juu, ananisomea. Unajua alivyokuwa anasoma, na sauti zote. Mvua inanyesha, vioo vimefunga ukungu, yeye yuko huko chumba cha maiti na Bi Zamu. Mimi sijawahi kusomewa tangu nizaliwe, Mama. Nilikuwa natamani barabara iwe ndefu. Kisha akanyamaza. Ghafla tu, kama redio iliyokatiwa umeme. Nikashtuka. Nikadhani tumbo. Nikadhani mtoto. Nikageuka nimwone." Akafunga macho. "Alikuwa ananiangalia. Anatabasamu. Niliporudisha macho barabarani, lori lilikuwa limejaa kioo kizima."

"Kwa nini alinyamaza?"

"Ndilo linaloniua! Sijui! Kitabu kilipatikana miguuni pake, kitambaa kimeshawekwa. Tangu siku ile sijathubutu kufungua ukurasa huo. Aliona nini humo? Mlikuwa mnaapizana, yeye mwenyewe aliniambia. Atakayesoma peke yake..."

"Usiseme."

Lakini lilikuwa limeshasemwa, hata bila kumaliziwa. Mama Mkunga, mwanamke aliyewahi kumzalisha mtu gizani wakati wa mafuriko bila mkono kutetemeka, akasogeza kigoda nyuma, mbali na kitabu kile. Naye alikuwa amelifikiria. Usiku na mchana alikuwa amelifikiria lile apizo la mchezo.

"Fungua," akasema.

"Mama, tafadhali."

"Fungua! Au nikasomewe kwa jirani?"

Fundi Miwani akashika kitambaa cha bluu. Akafungua. Akasoma kwa sauti iliyokauka:

"'Bi Zamu akaizima tochi. Katika giza akazihesabu droo za maiti kwa vidole, mpaka akaifikia ile ambamo mlio ulitokea. Akashika mpini. Mkono ukaruka wenyewe. Droo ilikuwa ya moto.'"

Akanyamaza.

"Endelea."

"Hakuna zaidi, Mama."

"Vipi hakuna?"

"Sura imeisha. Chini ni peupe."

Mama akakinyakua kitabu, akakileta karibu na pua. Hata bila miwani aliona: nusu ya ukurasa haikuwa na kitu. Hakuna alama, hakuna ishara, hakuna Mnyonya Pumzi. Karatasi tupu, kama zilivyo karatasi.

Akakishusha magotini. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Alikuwa anakutania," akasema.

"Nini?"

"Ndivyo alivyokuwa. Tangu mdogo. Akifika mwisho wa sura, ananyamaza makusudi. Anakutazama, anatabasamu, mpaka umwombe. Hasemi neno mpaka useme 'ehe?' Mimi nilikuwa namwambia, 'Ehe?' naye anaendelea." Akakipapasa kitabu magotini. "Alikuwa anangoja useme 'ehe', baba. Ni hivyo tu."

Fundi Miwani akakunja kitambaa cha bluu kiganjani.

"Sikujua," akasema. "Sikujua kama kuna la kusema."

Kisha mtu mzima yule akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, akalia. Hakulia kama wanaume wanavyolia kwenye misiba, kwa kujikohoza na kufuta pua. Alilia kama wale ambao Mama Mkunga aliwapokea kwa mikono, kwa mwili mzima, bila kujua kama kuna mtu anasikia.

Mama hakumgusa. Alikuwa bado hajafika huko, na mimi siwezi kukudanganya kwamba alifika. Alikaa, akaingoja ile kwikwi ipungue. Dirishani mwanga ulikuwa umeshahamia ukuta wa pili.

Kisha akakirudisha kitabu mikononi mwa mkwe wake. Akafungua mdomo mara mbili bila kutoa sauti. Mara ya tatu ikatoka:

"Ehe?"

Fundi Miwani akainua uso uliolowa. Akageuza ukurasa.

Alisoma vibaya, jamani. Alisoma kama mtu anayetangaza mnada wa viti. Bi Zamu na marehemu na askari wote walikuwa na sauti moja, na nukta alizipita kama mtu aliyechelewa basi.

"Hapana," Mama akamkatiza. "Mnyonya Pumzi anaongea kwa pua."

"Kwa pua vipi?"

"Kama mwenye mafua aliyekasirika. Jaribu."

Akajaribu. Ikatoka sauti ya mbuzi. Mama Mkunga akashtukia anacheka, kicheko kidogo, chenye kutu, na kikamuuma mbavuni kwa kukaa muda mrefu bila kazi. Fundi naye akacheka. Wakacheka wote, wakashikilia viti, halafu hakuna aliyeweza kusema ni wakati gani kicheko kile kiligeuka. Walikuwa wanalia, kila mmoja kwenye kiti chake, na kati yao meza ya pasi.

"Shikamoo, Mama," Fundi akasema tena.

"Marahaba, mwanangu."

Mlango ukasukumwa.

Mama Mdogo aliingia kwanza, kitenge kimemponyoka begani, anahema. Nyuma yake akaingia afande mmoja mnene wa makamo, kofia kwapani, karatasi zilizokunjwa mkononi.

"Huyo hapo!" Mama Mdogo akanyoosha kidole. "Alifunga duka akahama, mkasema hapatikani. Amejileta mwenyewe!"

"Fundi Miwani ndiye wewe?" afande akauliza. "Tumekutafuta sana, ndugu yangu. Unatuhumiwa kuendesha gari ukiwa umelewa na kusababisha kifo. Mlalamikaji ni mama mwenye nyumba hii."

Ndiyo, msomaji. Usimwangalie vibaya. Wiki zile za kwanza, uchungu ulipokuwa unamtafuta mtu wa kumvaa, Mama Mkunga alipelekwa na mdogo wake kituoni, akaandikisha kwamba alimkuta mkwewe hospitalini ananuka pombe. Akatia sahihi. Kisha akalala, na kwa muda mrefu hakukumbuka kama aliota au alifanya.

Fundi Miwani alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni pake, na hilo ndilo lililomchoma Mama kuliko matusi yoyote. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye foleni ndefu.

Akasimama, akijishika kwenye kiti kwa ajili ya mguu.

"Ni kweli, afande," akasema. "Nilikuwa nimelewa. Nipelekeni."

"Mwongo!" Mama Mkunga aliruka hadi kigoda kikapinduka. "Afande, usimsikilize! Huyu hata dawa ya kikohozi huisoma mara mbili kabla ya kumeza! Hajawahi kuonja!"

"Nilikunywa, Mama."

"Ulikunywa wapi? Wewe unataka tu mtu akuadhibu! Unadhani ukifungwa atarudi? Hawatarudi, mwanangu. Hawatarudi hata mmoja."

"Dada!" Mama Mdogo akashika kichwa. "Sahihi umeweka mwenyewe!"

"Niliweka. Na nilidanganya. Hospitalini sikusikia harufu yoyote isipokuwa damu."

Afande akakunjua karatasi zake, akazitazama, akazikunja tena. Alionekana mtu ambaye angependa kuwa mahali pengine.

"Mama," akasema polepole, "kuandikisha uongo polisi nako ni kosa. Unalijua hilo? Hapa kuna mmoja anayenidanganya. Nataka kumjua. Nani?"

"Mimi," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Afande akashusha pumzi. Akavaa kofia.

"Haya. Vaeni viatu, nyote."

Mama Mdogo akakaa chini pale pale mlangoni, akaanza kulia bila sauti. Mama Mkunga akampita, akarudi, akamfunika kitenge begani, akampita tena. Chini ya kwapa alikuwa na kitabu.

Kwenye gari, afande aligeuka kuwatazama, na jicho lake likaanguka juu ya jalada. Uso ukambadilika.

"Mama, hicho nimekimaliza juzi," akasema kwa sauti ya chini, si ya kazi. "Wewe ndiye uliyenizalishia mke wangu, mara mbili, kwa hiyo nakuomba kama mwanao. Ukifika sura ya mwisho, usiwe peke yako."

Mama Mkunga hakuuliza kwa nini. Aligeuka tu, akamtazama mkwe wake aliyebanwa kwenye kona ya kiti, mguu wake mbovu umenyooka.

"Sitakuwa," akasema.

Lakini kituo cha polisi kina korido mbili, msomaji. Wanaume huku, wanawake kule. Na kitabu kilikuwa kimoja.